Mguu Unaotembea na Fimbo Yake

Shangazi alipokiona kile chuma alicheka hadi akashika ubavu. "Fimbo? Kwa mashini? Sasa mashini iko kipofu?"

Dada yangu aliyeko Bukavu alikuwa amenitumia kile chuma, kimefungwa ndani ya soksi: mguu wa kubadilisha kwenye mashini ya kushonea, mnene kuliko ule wa kawaida, una meno chini na mkono mdogo unaopanda juu ya skurubu ya sindano. Sindano ikipanda, mguu unainuka. Sindano ikishuka, unakanyaga. Tuliuita mguu unaotembea, na wallahi unatembea kwa fujo, kwata-kwata-kwata, mtaa mzima unajua uko kazini. Nyuma yake kuna tundu la kuingizia fimbo nyembamba iliyopinda kichwa. Unashona mstari wa kwanza, unalaza ncha ya fimbo juu yake, halafu unashona wa pili huku ncha ikiufuata ule wa kwanza. Mistari inaachana kwa nafasi ile ile mpaka mwisho wa kitambaa.

"Aka, miye sitaki," Shangazi alisema. "Jicho langu inanitosha."

Jicho! Hapo ndipo palipokuwa na matata. Shangazi ndiye aliyenifundisha kushona, kwenye baraza yetu karibu na soko la Kasongo, na mpaka leo tunakaa bega kwa bega, yeye na mashini yake, mimi na yangu. Katika ukoo wetu bibi arusi haondoki bila mfarishi, lile tandiko nene la kitanda: vikwembe, ndivyo vitenge vya maua, juu, blanketi kuukuu katikati, shuka chini, vyote vimeshikwa pamoja kwa mistari ya mshono. Mshonaji ni Shangazi, siku zote. Kabla ya arusi wakwe wanakuja kuukagua, na mstari wa mwisho unaachwa ushonwe mbele yao, wahakikishe mkono ni wa nani. Wakiona umepinda, wanaukunja na kuurudisha.

Sasa mtoto wa kaka yangu alikuwa anaolewa Nyangwe, na Shangazi alikuwa ameanza kunipa sindano nimtungie uzi, eti vidole vyake vimechoka. Vidole gani? Vidole vile vile vilivyokuwa vikinifinya masikio kila nikikosea. Nilijua ni macho, naye alijua ninajua, na hakuna aliyethubutu kulitaja.

"Siku mufarishi wangu utarudishwa," aliniambia, "hii mashini muuze. Sikai tena hapa."

Hakuwa anatania. Nilimwona tayari amekaa uani, anagombana na kuku kutwa nzima, na moyo uliniuma.

Nikaona nimshawishi kwa mfano. Nilifunga mguu kwenye mashini yangu, nikachukua kitambaa cha kujaribia, nikashona mstari wa kwanza kwa kufuata maua ya kikwembe, maana sisi wa hapa tunaamini maua ya kikwembe kuliko rula. Kumbe maua yenyewe yalichapwa upande! Fimbo ikafuata mstari wangu uliopinda, ikaupinda wa pili, wa tatu, wote, bila hata mmoja kuasi. Kitambaa kizima kikaelekea mlangoni. Shangazi alipapasa ile kazi, akacheka mpaka machozi. "Hii chuma yako iko na adabu sana. Ukiikosesha, inakosa na wewe!"

Nilinuna. Lakini nilipata somo. Nilichukua uzi mrefu, nikaupaka unga wa muhogo, jirani akashika ncha moja na mimi nyingine, tukaukaza, nikauinua katikati na kuuachia udunde juu ya mfarishi wa arusi. Ukaacha mstari mweupe ulionyooka kabisa, bila kuomba ushauri kwa maua. Nikashona juu yake mara moja tu. Halafu nikauhamisha ule mguu na fimbo yake hadi kwenye mashini ya Shangazi, nikasema, "Shangazi, naenda sala ya Ijumaa. Usiguse kitu." Ukitaka Shangazi aguse kitu, mwambie asikiguse.

Niliporudi, kabla sijafika kona ya nyumba, nikasikia: kwata-kwata-kwata.

Ee Mungu, nilivyofurahi! Nilitaka kupiga vigelegele palepale barabarani. Badala yake nikakohoa kwa nguvu, nimpe nafasi. Kelele zikakatika. Nilipoingia, Shangazi alikuwa amefunika mashini kwa kitenge chake cha kichwani, yeye mwenyewe kichwa wazi, anapuliza chai iliyokuwa imepoa zamani.

"Sala ilikuwa fupi," alisema.

"Imamu alikuwa na haraka," nilijibu.

Tangu hapo nikawa na shughuli nyingi za kutoka. Mkaa uliisha bila kuisha. Nilienda kusalimia wagonjwa waliokuwa wazima. Kila nikirudi nilikohoa pale kona, mpaka jirani akaniletea tangawizi ya kifua. Na mfarishi uliongezeka mistari, imenyooka, ni uzuri mtupu. Siku moja nilichungulia, nikagundua anavyofanya: kitambaa kinene kikishonwa, mshono unazama na kuacha mfereji, na ncha ya fimbo inatelezea humo. Shangazi alikuwa anaweka kidole chake karibu na ncha, anausikia mfereji. Macho hakuyahitaji kabisa.

Wakwe walifika kwa pikipiki kutoka Nyangwe, mama watatu. Mkubwa wao alikuwa shangazi wa bwana arusi, mama mrefu mwenye sauti ya kuamuru. Nilikuwa nimeung'oa ule mguu mapema, nikauficha kwapani mwa gauni langu. Mama yule aliutandaza mfarishi mapajani, akaupitia kwa kidole polepole, mstari kwa mstari. Mwishowe akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Muzuri. Sasa tushonee wa mwisho."

Shangazi akaketi, akaingiza kitambaa chini ya mguu wa kawaida. Mkono wake ukasimama. Uliinuka, ukatua, ukainuka tena. Nilianza kutafuta kitu cha kumwaga; termosi ya chai ilikuwa karibu, nami nilikuwa tayari kuzimia juu yake.

"We, mama," Shangazi akaniita. "Leta fimbo yangu."

Fimbo yake! Nilipiga magoti kwenye mashini, nikaufunga ule mguu. Mama mmoja wa Nyangwe akaruka: "Kumbe ni chuma ndiyo inashona! Huu si mukono wake. Tuurudishe!"

Yule mkubwa akasogea, akainama mpaka kichwa chake kikagusana na cha Shangazi, kana kwamba anakagua chuma. Mimi nilikuwa chini yao, na bisibisi mkononi.

"Bila hii sioni, mukwe," Shangazi alimnong'oneza. "Nitakudanganya mupaka lini? Sioni."

Nikamsikia yule mama, kwa sauti ndogo ambayo sikudhani anayo: "Na miye sioni. Ile mistari yako nimeipapasa tu. Wenzangu hawajue. Shona."

Shangazi akakanyaga. Kwata-kwata-kwata, mpaka pindoni. Yule mama akabaki ameinama pale pale, amekodoa macho juu ya kitambaa, kisha akainuka na kuwageukia wenzake kwa ile sauti yake ya kuamuru.

"Umenyooka! Nimeona kwa macho yangu mawili. Nani ana neno?"

Vigelegele vikapigwa, na mimi niliendelea kukaza skurubu iliyokuwa imekazika zamani, ili wasiuone uso wangu.