Viatu vya Ijumaa

Watu wa mtaa walimwita Makubazi, na mwenyewe hakuwahi kulalamika, maana yapo majina mabaya kuliko hilo. Nusu ya maisha yake alikuwa fundi viatu, kwenye kibanda kilichobanwa kati ya duka la vitambaa na ukuta wa benki, akishona soli, akibadilisha visigino na kuwasikiliza wateja wakidanganya kuhusu lini watarudi kuchukua viatu vyao. Macho yalipofifia akawa anajidunga yeye sindano zaidi kuliko anavyodunga ngozi. Kamati ya msikiti ikamwonea huruma, ikampa kazi ya kufagia, kufungua milango na kuangalia viatu vya waumini, na chumba cha nyuma cha kulala. Mkewe alikuwa ameshatangulia mbele ya haki na watoto hawakujaliwa, kwa hiyo chumba kimoja kilimtosha.

Kabati la viatu ndilo lililokuwa serikali yake. Lilikuwa kabati refu la mbao lisilo na milango, limeegemea ukuta kwenye mlango wa wanaume. Wanawake walikuwa na ngazi yao ya pembeni na kabati lao huko juu, na hilo halikumhusu. Hili la chini alilijua kama mfuko wake wa shati. Alikuwa akilitupia jicho tu anakwambia nani yuko ndani na nani leo amejitia ugonjwa. Macho hayakuona tena tundu la sindano, lakini kisigino kilicholika upande aliking'amua kutoka mbali. Mwenyekiti wa kamati, mwalimu mstaafu, alikuwa akila visigino kwa nje kwa sababu ya kutembea kama bata, na Makubazi alimwambia hivyo usoni, kwa adabu.

Basi ukaja uchaguzi, na uchaguzi ukaleta Mgombea. Jina lake silitaji, na si kwa heshima. Alilibandika mwenyewe kwenye kila nguzo ya umeme mpaka likatuchosha. Alikuwa na suti nzuri, sauti nzuri na jambo moja tu la kusema: kwamba shida zote za mji, kuanzia ukosefu wa kazi mpaka mitaro iliyoziba, zimeletwa na Waislamu. Akatengeneza filamu fupi. Ndani yake watu wanaosujudu walichanganywa na majumba yanayoungua, muziki wa kutisha ukapigwa juu yake, na Mtume akatajwa kwa maneno ambayo mtu mwenye haya hayarudii. Ilipozagaa kwenye simu na bado watu wakanyamaza, akapata wazo jingine. Akaanza kuipeleka kwenye milango ya misikiti siku ya Ijumaa, kwenye skrini kubwa iliyofungwa juu ya lori, waumini wakiwa wanatoka. Katika mji wa jirani vijana walirusha mawe. Wakalala rumande, na kesho yake picha ya mawe yao ikawa bango la Mgombea.

Ijumaa iliyofuata ilikuwa zamu ya msikiti wa Makubazi. Kibali cha polisi kilikuwa kimeshatoka.

Kamati ilikaa kujadili, na Makubazi akawa anawapitishia maji. Mmoja alitaka maandamano. Mwingine akasema msikiti ufungwe siku hiyo, imamu akamuuliza kama Ijumaa itakayofuata utafungwa tena. Wakili akasema atapeleka malalamiko kwenye tume ya uchaguzi, ila majibu hayatatoka kabla ya Ijumaa. Mwenyekiti alikuwa ameandaa tamko, na alilisoma lote. Lilikuwa zuri na lilikuwa refu, na mzee mmoja alisinzia kwenye aya ya pili. Mwishowe wakakubaliana kwamba watu waswali, wavae viatu, waende makwao, na mtu asimjibu mtu.

"Kukubaliana ni rahisi," alisema muuza nyama wa kona, mtu mwenye kifua kama mlango. "Lakini mimi nikisikia Mtume anatukanwa, miguu yangu haitaniomba ruhusa."

Hakuna aliyembishia, kwa sababu kila mmoja alikuwa na miguu ya namna hiyo.

Makubazi hakuogopea miguu ya muuza nyama. Aliogopea miguu ya mpwa wake. Huyu alikuwa mtoto wa dada yake, aliyekulia chini ya meza ya kushonea viatu baada ya baba yake kufariki, na sasa alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Walimwita Cheche, kwa kazi yake na kwa tabia yake, maana alikuwa hana dogo. Miezi iliyopita alimsukuma mtu wa Mgombea aliyekuwa anabandika mabango kwenye karakana yake, yule mtu akavunjika mkono. Hakimu alimwachia kwa sharti moja: akishikwa tena kwenye ugomvi wowote, anakwenda jela moja kwa moja. Mkewe alikuwa na mimba kubwa, ya kwanza.

Alhamisi mchana dada yake alikuja mpaka chumbani, akakaa kitandani bila kukaribishwa.

"Kaka, kesho nimemwambia aswalie nyumbani."

"Akasemaje?"

"Akasema haachi Ijumaa kwa sababu ya lori. Na hapo ana haki, siwezi kumpinga." Alikuwa anasokota ncha ya mtandio wake. "Wewe ndiye unayekaa mlangoni. Mimi nitakuwa huko juu na wanawake, sitaona kitu. Mshike."

"Nitamshika na nini, dada? Mkono wake mmoja ni unene wa paja langu."

"Sijui. Mshike tu. Mtoto asizaliwe baba yake akiwa jela."

Usiku ule Makubazi aligeuka kitandani mpaka godoro likamchoka. Kulipokucha alikuwa na mpango, na ulikuwa mpango mdogo wenye akili kiasi chake: ataficha buti za Cheche. Mtu hatoki nje bila viatu, hasa pale, kwa sababu barabara ya mbele ilikuwa imechimbwa na kokoto zenye meno zilikuwa zimemwagwa mpaka kwenye kizingiti, nazo mchana zilikuwa zikiwaka kwa jua. Wakati Cheche anatafuta buti, wengine watakuwa wametawanyika, lori litakuwa limeondoka, na mjomba atatukanwa kidogo. Matusi ya mpwa angeyameza bila maji.

Ijumaa msikiti ulijaa. Makubazi alikuwa kisimani akihangaika na pampu iliyogoma, kwa hiyo hakuwaona watu wakiingia. Aliporudi mlangoni, hotuba ilikuwa imeshaanza. Akachungulia ndani na kuuona mgongo mpana wa Cheche, safu ya katikati. Haya. Akaligeukia kabati kutafuta buti.

Buti hazikuwepo.

Akapita rafu ya juu, ya kati, ya chini. Akaona viatu vya mwenyekiti vilivyolika upande. Akaona ndara za muuza nyama. Rafu ya chini, pembeni, akaona makubazi yake mwenyewe ya zamani, zile ndara za ngozi, akajisemea kwamba uzee umeanza kumla, hakumbuki hata lini aliyaacha pale. Akapita tena kutoka mwanzo. Buti zile alizishona mwenyewe, angezijua hata gizani kwa kuzipapasa, na hazikuwemo. Kwa hiyo Cheche amevaa viatu vingine. Vipi? Vipya? Vya kuazima? Kwa mara ya kwanza tangu apewe serikali ile, Makubazi alilitazama kabati lake asilielewe.

Hapo ndipo lori lilipofika. Alilisikia likirudi nyuma kwenye kokoto, akasikia jenereta likiwashwa na spika zikikohoa. Na mtu mwenye hofu namna ile hafikiri, anafanya tu. Ukutani palikuwa na zulia kuukuu lililokuwa likisubiri kutupwa. Makubazi akalitandika chini, akapitisha mkono kwenye rafu ya juu na kumwaga viatu vyote. Akamwaga ya kati. Akamwaga ya chini. Vya imamu navyo vikaenda. Akakunja zulia juu ya kile kichuguu, akakamata ncha zake na kulikokota uani, akihema, akimwomba Mungu msamaha na mgongo wake pia. Aliporudi, swala ilikuwa imesimama. Aliwahi rakaa ya pili, na sijui kama alijua anachosoma.

Salamu ilipotolewa tu, spika za nje zikafunguliwa mpaka mwisho. Yale maneno yakaingia ndani kupitia madirisha, yakawakuta watu wamekaa juu ya visigino vyao, bado vidole viko kwenye tasbihi. Jina la Mtume likatajwa, na kilichofuata baada yake. Msikiti mzima ukasimama kwa mara moja. Imamu alisema kitu, hakusikika. Muuza nyama alikuwa mbele, mori umempanda, na wengine nyuma yake, na wote wakafika kwenye kabati na kulikuta tupu.

Wa nyuma wakawagonga wa mbele migongoni.

"Viatu viko wapi?" akauliza muuza nyama.

"Viko uani," akasema Makubazi. "Nilikuwa nasafisha kabati."

"Leo? Saa hii?"

"Kulikuwa na mende."

Muuza nyama akamtazama kama anayepima nyama bila mizani. Kisha akasema viatu si kitu, akatoka hivyo hivyo. Alipiga hatua chache kwenye kokoto, akaruka mguu mmoja, akaruka mwingine, akarudi kizingitini akisema maneno ambayo hayasemwi hapo. Wengine walioona hivyo wakageuka kuelekea uani.

Cheche peke yake hakwenda. Alisimama kando ya mlango, miguu mitupu, meno yameumana, macho yako kwenye skrini. Makubazi akaona kwamba huyu sasa atatoka hata kama kokoto ni misumari. Akaenda akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili, kama alivyoombwa, ingawa alijua wazi kwamba akitikiswa mara moja atarushwa mpaka barabarani.

"Mwanangu," akasema. "Mwanangu, tafadhali."

Cheche aliendelea kuitazama skrini. Lakini hakumtikisa.

Huko uani zulia lilikuwa limefunguliwa. Wanaume wa mtaa mzima walikuwa wamechutama kukizunguka kichuguu cha viatu, kila mmoja ana cha kulia na anatafuta cha kushoto. Vyeusi vilikuwa vimefanana vyote. Wakili alivaa kimoja kikambana, akakivua, akampa mwenyekiti, mwenyekiti akasema si chake ila anamfahamu mwenye nacho. Na wakati wote huo sauti ya Mgombea ilikuwa inapita juu ya ukuta: "Wako humo ndani, ndugu wananchi. Hivi tunavyozungumza wanapanga njama ya kutumaliza."

"Jamani," akaita fundi cherehani kutoka upande wa pili, "kuna aliyeona cha kushoto, cha kahawia, kina kamba nyeusi?"

Sijui nani alianza kucheka. Wanasema ni mwenyekiti. Kicheko kikawashika mmoja mmoja mpaka muuza nyama, aliyekuwa amekaa chini akitoa kokoto kwenye unyayo, naye akavunjika mbavu. Hasira haikuisha, mtu asidanganywe. Tusi lile liliuma na liliendelea kuuma wiki nyingi. Ila ni vigumu kwenda kupigana umechutama.

Wanawake ndio waliotoka kwanza, maana viatu vyao vilikuwa salama huko juu. Walishuka ngazi yao taratibu, wakafungua miavuli kwa ajili ya jua, wakapita mbele ya lori. Dada yake Makubazi alimtazama Mgombea, ambaye suti ilikuwa imeshamlowa mgongoni, akamwambia, "Habari za mchana," akaendelea na safari yake. Mpiga picha wa Mgombea alikuwa ameelekeza kamera zake mlangoni, na alichopata ni akina mama na miavuli. Kisha wakaanza kutoka wanaume, mmoja mmoja na wawili wawili, wanachechemea, wengine kiatu cha huku rangi hii na cha huku rangi nyingine, wakisubiriana na kuombana radhi. Filamu ilirudiwa, ikarudiwa tena. Polisi mmoja alianza kupiga miayo. Jenereta lilipokohoa na kuzimika, hakuna aliyekwenda kuliwasha. Lori likaondoka. Malalamiko ya wakili bado yako kwenye tume mpaka leo, lakini bango la msikiti ule Mgombea hakulipata.

Uani palibaki zulia, na juu ya zulia makubazi ya zamani.

"Haya, sasa twende tukutafutie vyako," akasema Makubazi. Alikuwa ameuachia mkono wa Cheche. "Umekuja na nini? Buti zako sikuziona."

Cheche akaenda akayavaa yale makubazi. Visigino vyake vilitokeza nje.

"Nilipita chumbani kwako ulipokuwa kwenye pampu, nikayachukua haya," akasema. "Nilikuja pekupeku, Mjomba. Buti nilimpa mke wangu asubuhi, nikamwambia azifiche mahali ambapo sitazipata, na asinipe hata nikimlilia. Nilijua nikiwa nazo nitapiga mtu teke."

Makubazi alikaa chini kwenye zulia. Hofu aliyoibeba tangu siku ya mahakama ilimtoka kwa mara moja, na machozi yakamtoka asiyazuie. Mtoto aliyekulia chini ya meza yake alikuwa amekwisha kujishika mwenyewe, kabla ya mjomba kumshika.

"Kwa hiyo nimevuruga viatu vya mtaa mzima bure," akasema.

"Vya kwangu tu ndiyo bure," akasema Cheche. "Uso wa muuza nyama uliuona mwenyewe."

Akamnyanyua kwa kwapa, wakachukua ndoo na tambara, wakaenda kulifuta kabati, kwa sababu imamu alikuwa bado yupo na lazima kabati lionekane limesafishwa. Cheche akalisogeza kutoka ukutani. Nyuma yake wakatoka mende, wengi, wanene, wakatawanyika barazani kila mmoja na njia yake.

"Angalau hukusema uongo msikitini," akasema Cheche.

"Nilisema uongo," akasema mjomba wake, akivua kiatu kuwapiga. "Sikujua tu kwamba ni kweli."