Ubeti wa Nne wa Mtaa wa Hazel

Katika mji wa Cullen's Ford, Carolina Kaskazini, hakukuwa na mtu mweusi aliyemaliza sekondari bila kupita mikononi mwa Verdell Gaither. Alifundisha muziki katika Shule ya Mtaa wa Hazel tangu ujana wake. Alikuwa mwanamke wa kofia na glavu, hana mume wala mtoto, na ukikosea noti alikutazama mpaka ukaikumbuka. Wazee wazima walimwamkia barabarani huku wanavuta tumbo ndani.

Shule ile ilikuwa na wimbo wake, na wimbo ulikuwa na miiko. Beti tatu zilikuwa za kila mtu. Ubeti wa nne ulikuwa wa wanaohitimu peke yao, na haukuandikwa popote. Mke wa mkuu wa kwanza ndiye aliyeutunga, akaupitisha kwa mdomo, na kwa mdomo ukabaki. Wiki ya mwisho Verdell aliwafungia wahitimu ukumbini akawafundisha, na siku ya mahafali wakauimba mara moja tu katika maisha yao. Ulipofika, wadogo waliziba masikio kwa viganja, na wazazi waliowahi kuuimba wakafumba midomo. Utasema ni mambo ya kitoto. Ila katika mji ambao mtu mweusi hakuwa na chake, kuwa na maneno yasiyogusika na mtu haikuwa jambo dogo.

Ndipo ikaja amri ya kuunganisha shule za weusi na weupe. Kuunganisha kwenyewe kulikuwa hivi: Mtaa wa Hazel ukafungwa, vikombe vyake vya mashindano vikatupwa jaani, ukumbi ukageuzwa gereji ya mabasi, na watoto wakapelekwa shule ya weupe kuimba wimbo wa weupe. Walimu weusi wengi waliachwa mitaani. Verdell alichukuliwa, awe msaidizi wa kijana wa kizungu aliyemaliza chuo juzijuzi. Alimpangia viti na karatasi za nyimbo. Alimeza uchungu, kwa kuwa mama yake alikuwa mgonjwa kitandani na mshahara ule ndio uliomlisha.

"Shule moja, wimbo mmoja, Verdell," mkuu wa shule hiyo mpya, Bwana Ledbetter, alimwambia mwaka ulipoanza. Walimu weupe aliwaita Bibi fulani na Bwana fulani. Yeye alimwita jina tupu.

Mwezi wa Mei, Theola alimfuata jikoni. Alikuwa binti wa Lorene, mdogo wake Verdell, na alikuwa anahitimu mwaka ule.

"Mama mkubwa, wenzangu wamenituma."

"Wamekutuma nini?"

"Unajua. Wiki yetu imefika."

Verdell aliendelea kumenya viazi vitamu. "Ubeti haufundishwi nje ya ukumbi wa Hazel. Mwiko ni mwiko."

"Ukumbini mmejaa mabasi."

"Basi na yaimbe hayo mabasi."

Theola hakucheka. "Huogopi mwiko wewe. Unamwogopa Ledbetter."

"We Theola, koma," Lorene alisema, akigeuza kuku kwenye mafuta. "Huyo si mwenzio." Kisha akamtazama dada yake. "Ila mtoto hajasema uongo, dada."

"Na mama yetu atakula nini? Nyimbo?"

Verdell alijua kwamba amejificha nyuma ya mwiko, na jambo hilo lilimchoma wiki nzima.

Siku ya mahafali alikaa safu ya mbele, upande wa walimu, mkoba mapajani. Wazazi weusi walikuwa nyuma kabisa. Wimbo wa shule mpya uliimbwa, watu wakaketi. Watoto wa Hazel hawakuketi. Walibaki wima jukwaani na majoho yao, wakaanza wimbo wa Mtaa wa Hazel bila piano. Ubeti wa kwanza, wa pili, wa tatu. Bwana Ledbetter akawa mwekundu shingo nzima.

Ukafika wa nne. Hawakuujua. Vijana wazima, wengine wana ndevu, wakainua viganja wakaziba masikio kama watoto wa mwaka wa kwanza, wakasimama hivyo mbele ya mji mzima.

Verdell alikuwa nao ule ubeti, neno kwa neno, chini ya ulimi. Mkuu alikuwa anamtazama. Alikumbatia mkoba wake. Moyo ulisema simama, akabaki kitini.

Ndipo sauti ikatoka nyuma, nene, isiyo na ufundi. Ni Lorene. Alikuwa ameuimba zamani, siku yake, na mwiko ulimkataza kuurudia. Akaurudia. Mwanamume mmoja akasimama naye, kisha benchi zima, kisha wote. Jukwaani Theola aliteremsha mikono, na wenzake wakateremsha, wakausikiliza wakilia.

Verdell aliposimama, ubeti ulikuwa umeisha. Alifungua mdomo na hapakuwa na cha kuimba. Nyuma watu walikuwa wanaketi, na yeye alikuwa wima peke yake safu ya mbele, kofia na glavu, kila jicho likimwona.

Jumatatu mkuu alimwita. "Uliwaongoza."

"Sikuimba, Bwana Ledbetter."

"Ulikuwa umesimama, Verdell. Sina haja na ushahidi mwingine."

Akafukuzwa. Jumapili mchungaji alimtaja madhabahuni: mwalimu aliyetoa mkate wake kwa ajili ya wimbo wa watoto wetu. Kanisa zima likampigia makofi. Verdell alitaka kusema, akanyanyuka nusu, makofi yakazidi, akakaa. Jioni ile pai za viazi vitamu zilijaa meza, na kila aliyeleta alimshika mikono miwili akamshukuru. Kila shukrani ilikuwa msumari.

Wageni walipoondoka, Theola alibaki akimfutia vyombo. Verdell alishindwa kuvumilia.

"Ulikuwa jukwaani. Uliniona vizuri. Mbona hukuwaambia kwamba sikuimba?"

Theola aliweka sahani mezani.

"Niwaambie nini? Tulijua wewe unaujua," alisema. "Pale tulipoziba masikio tulikuwa tunakungoja uanze, mama mkubwa. Sote."