Nilimnywesha Kashata Maziwa, Kisha Nikamsingizia Daktari

Kosa ni langu. Natanguliza hilo ili msije mkahangaika kumtafuta mkosaji katikati ya habari. Si la paka, si la daktari, wala si la ng'ombe aliyetoa maziwa. Ni langu mimi, mzee mzima wa Makorora, Tanga, niliyesoma hadi kidato cha nne na kufaulu Biolojia!

Mke wangu alikwenda Ushongo kumtazama binti yetu aliyejifungua. Aliniachia nyumba, kuku, na paka wake aitwaye Kashata, kwa kuwa rangi yake ni ya kashata iliyoungua kidogo. Kuku hakuwataja sana. Kuhusu paka alisimama mlangoni akaninyooshea kidole.

"Baba Mwanaidi, nikirudi nimkute kama nilivyomwacha."

"Kwani mimi mtoto?" nikamjibu.

Afadhali ningekuwa mtoto. Mtoto huuliza.

Haukupita muda, Kashata akapigana na dume la jirani, akarudi na jeraha mgongoni likatunga usaha. Nikamtia kikapuni, nikampeleka Chumbageni kwa daktari wa mifugo, binti mmoja mpole wa umri wa mjukuu wangu. Akaniamkia shikamoo, akamsafisha kidonda, akanipa vidonge vya antibaiotiki. Akaeleza taratibu: nimpe kidonge, kisha chakula kidogo ili kisikwame kooni. Nisikatishe dawa hata kidonda kikipendeza. Na maziwa, hapana.

"Na akiharisha, babu, usimtibu mwenyewe. Nipigie."

Nikawa naitikia tu, kama mtu anayeitikia "amin" ilhali dua yenyewe haisikii. Kichwani nilikuwa na elimu yangu! Sisi tumekua tukijua kwamba dawa kali hufuatishiwa maziwa, yakate ukali. Aliyekula kitu kibaya hukimbiziwa maziwa. Mama yangu alifanya hivyo, na mimi niko hai. Nikasema moyoni, huyu binti ana cheti, lakini ya wazee hayajui.

Basi nikasaga kidonge ndani ya kisahani cha maziwa ya ng'ombe, mazito, ya vuguvugu. Kashata akalamba mpaka kisahani kikang'aa. Nikajipongeza mwenyewe kwa sauti, maana hapakuwa na mwingine wa kunipongeza.

Tumbo likafunguka. Jamani! Akaharisha ukumbini, akaharisha kwenye mkeka, akaharisha juu ya kanzu yangu ya Ijumaa. Kila nikiona vile nasema dawa imemzidi nguvu, nami nazidisha maziwa. Akaanza kukonda. Nikampikia samaki changu wa tui zito, kwani mgonjwa bila nazi atapata wapi nguvu? Tumbo likanijibu kwa matusi.

Mwisho nikaacha dawa kabisa. Kidonda kikavimba upya.

Mngedhani sasa mtu mwenye akili atampigia daktari. Mimi nilikwenda kwenye baraza la kahawa.

"Yule binti wa Chumbageni kamtilia sumu paka wangu," nikatangaza, kikombe mkononi.

Mwenzangu Mzee Athumani alikuwa na mbuzi aliyezaa karibuni, kiwele kimevimba upande mmoja, na alikuwa akijiandaa kumpeleka kwa daktari huyo huyo. Akashtuka. "Kweli? Basi mimi wangu simpeleki."

"Usimpeleke!" nikasema. Nilisema hivyo kwa raha. Mungu anisamehe, nilisema kwa raha!

Mke wangu akapiga simu. "Kashata hajambo?"

"Hajambo kabisa. Amenenepa."

"Hebu mpe simu nimsikie."

Kashata wakati huo alikuwa amelala pembeni mwa mtungi, hana hata nguvu ya kufungua jicho. Ndugu zangu, sijui niseme nini. Mzee wa umri wangu, mwenye wajukuu, niliifunika simu kwa kiganja, nikalia nyau.

Mke wangu akasema polepole, "Mbona ana kikohozi cha mzee?"

Nikalia nyau tena, safari hii kwa unyonge.

"Kesho nakuja," akasema, akakata.

Nilimtazama Kashata. Mbavu zinahesabika. Nilimvuta ngozi ya shingoni, ikabaki imesimama, hairudi. Hapo ndipo hofu iliponiingia kweli. Sikuogopa tena kusemwa. Niliogopa kwamba kiumbe huyu anakufa, na anakufa mikononi mwangu, baada ya kulamba kila nilichompa bila kunishuku. Nikakimbilia Chumbageni, kikapu kifuani, ndara mguu mmoja.

Daktari akaniamkia shikamoo kama kwanza. Akafungua kikapu, akampapasa mbavu. Akamchoma maji chini ya ngozi, maana mwili wake ulikuwa umekauka. Ndipo akaniuliza bila kunitazama, "Nasikia nimemlisha sumu, babu?"

Natamani angenipiga kofi.

Nikamwambia yote, maziwa, tui na baraza. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Ulitaka maziwa yakate ukali wa dawa," akasema. "Yamekata dawa yenyewe. Dawa hii ikikutana na maziwa hushikwa tumboni, haiingii mwilini inavyotakiwa. Na paka wengi wakubwa hawawezi kuyasaga maziwa ya ng'ombe. Kwa hiyo kidonda hakikupata dawa, na tumbo halikupata pumziko."

Akanieleza kwamba tumboni mna wadudu wema wanaosaidia kusaga chakula. Antibaiotiki ikiua wabaya, wema nao huumia, ndiyo maana mnyama anaweza kulainika tumbo kidogo akiwa kwenye dozi. Kazi yetu ni kuwasaidia wema warudi. Akamwanzishia dozi upya, akanipa na unga wa kuwarudisha hao wema, nimpe mbali na saa ya kidonge, na niendelee nao hata vidonge vikiisha. Chakula kiwe wali laini na samaki wa kuchemsha aliyetolewa miiba, kidogo kidogo, bila chumvi, bila kitunguu, bila nazi. Maji safi yasikosekane.

"Bila nazi?" nikauliza. Samaki, Tanga hii, bila nazi!

"Bila nazi, babu. Mgonjwa hayuko harusini."

Mke wangu alipofika alinikuta sakafuni, namlisha Kashata wali kwa ncha ya kidole. Nilikuwa nimeandaa maneno, yakanipotea. Nikasema tu, "Nilimuua kidogo."

Aliketi upande wa pili wa paka. Hakunigombeza. Tulikaa hivyo mpaka Kashata alipolamba kidole changu, akalamba na chake. Siku ile sikupata chakula cha mchana, na sikuthubutu kuuliza.

Jioni yake nikaenda barazani, nikajitangaza mwongo mbele ya kila mwenye kikombe. Walicheka sana nilipofika kwenye nyau. Mzee Athumani hakucheka. Kesho yake asubuhi alimpeleka mbuzi wake, lakini alikuwa amechelewa. Mbuzi alipona, upande ule wa kiwele ukafa, hautoi tena.

"Wewe ulikuwa na maziwa ya kumharisha paka," aliniambia. "Mimi sina ya kutia kwenye chai."

Sasa kila asubuhi nampelekea chupa ya maziwa. Huipokea, lakini maneno yetu ni ya salamu tu.

Kashata alipona, ingawa ule mgongo haukuota manyoya vizuri. Alipomaliza dozi na kinyesi chake kurudi hali yake, mke wangu akarudi Ushongo kwa binti yetu. Kikapu akakibeba, Kashata ndani. "Wewe ukiumwa," akaniambia mlangoni, "maziwa yapo."

Ndugu zangu wenye paka, mbwa, mbuzi, yeyote asiye na kinywa cha kujieleza: ukipewa dawa, sikiliza, na usipoelewa uliza papo hapo. Tumbo likimchafuka, mpigie aliyekupa dawa kabla hujaingia jikoni kwako. Na kama umekosea, usimtafute wa kumbandika kosa lako, maana yupo jirani atakayekuamini.

Siku hizi mpiga simu ni mimi. Namwomba mke wangu, "Hebu mpe Kashata simu." Naye humpa. Namwita, nambembeleza, mara nyingine namlilia nyau kama ile siku.

Hajanijibu hata mara moja.