Roli Zilizotoka kwa Mzee Nyaya

Mtaani walimwita Mama Swichi, naye aliitika bila kinyongo. Alikuwa fundi umeme kwa miaka kumi na tisa, na bado wateja wapya walipomwona mlangoni na begi lake la koleo na bisibisi walimuuliza fundi mwenyewe yuko wapi.

Vifaa vyake alivinunua kwa Mzee Nyaya, mwenye kiduka cha mlango mmoja nyuma ya kituo cha mafuta. Mzee alikata waya hata mita mbili, alipokea swichi mbovu bila maneno, na mara nyingine alimnong'oneza, "Binti yangu, soketi za mzigo huu ziache. Zinalegea." Duka kubwa la vifaa vya ujenzi lilipofunguliwa barabara kuu, Mama Swichi aliingia mara moja tu. Alimuuliza muuzaji waya gani unafaa jiko la umeme. Muuzaji akageuza boksi huku na huku, akasema, "Huu mwekundu ndio unaotoka sana." Mama Swichi alicheka mpaka akashika mbavu.

Kisha dada yake mkubwa, fundi cherehani, akajengewa na mumewe chumba cha kushonea uani. Nyaya zikazua ubishi.

"Shemeji, twende duka kubwa," mume wa dada alisema. "Kule kuna risiti, kuna dhamana. Kwa yule mzee mambo yakiharibika utamshika nani?"

"Nitamshika yeye mwenyewe. Namjua."

Dada mtu akaweka mkasi chini. "Mwache mdogo wangu. Wewe kuna anayekufundisha kuendesha lori?"

Yakaishia hapo, na Mama Swichi akaenda kununua nyaya kwa Mzee Nyaya. Kwa kawaida Mzee Nyaya alikwangua ncha ya kila roli ya waya kwa kisu mbele ya mteja, aone kuwa ni shaba mpaka ndani. Siku hiyo hakukwangua, na Mama Swichi hakumwomba. Kumwomba kungekuwa kama kumwambia mtu mzima anawe mikono.

Miezi saba ilipita tangu azifunge nyaya zile. Saa sita mchana, dada akipiga pasi sare za shule alizowashonea wateja, waya uliokuwa ukichemka kimyakimya siku nyingi ulishika moto juu ya dari. Dari ikaangukia marobota ya vitambaa karibu na mlango. Majirani walivunja dirisha wakamtoa, lakini alikuwa ameshaungua vibaya.

Aliishi siku nne hospitalini. Siku ya tatu alifumbua macho, akamwona mdogo wake kando ya kitanda. "Zile sare," alisema kwa shida, "waambie wenyewe wanisamehe." Hakuuliza moto ulianzia wapi. Mama Swichi alitamani aulize.

Baada ya maziko aliingia chumba kile kilichoungua, akavuta kipande cha waya kilichosalia ukutani, akakikwangua. Wekundu wa shaba ukatoka kama rangi ya kucha. Chini yake ilikuwa alumini nyeupe, inayochemka upesi kuliko shaba.

Alikwenda kwa Mzee Nyaya na maneno makali mdomoni, akamwekea kile kipande kwenye kaunta. Mzee alipapasa mara mbili kabla ya kukipata.

"Mzee, huoni?"

Mzee alikirudisha kile kipande kwenye kaunta. Kisha akasema, "Mwaka wa pili huu. Nakuona kivuli tu hapo mlangoni. Roli zile aliniletea mtu na gari, nikashika muhuri kwa kidole, nikaamini. Ningesema sioni, nani angenunua kwangu?"

"Dada yangu amekufa kwa waya huu."

Mzee akapapasa ukingo wa kaunta, akakaa chini. Mama Swichi akamtazama, akaona hana la kumfanya. Alimwambia afunge duka. Mzee akalifunga siku ileile, na halikufunguliwa tena.

Mama Swichi alimweleza kwanza shemeji yake. Alimkuta bombani akifua nguo za watoto. Shemeji alimsikiliza mpaka mwisho, mikono ikiwa ndani ya povu.

"Nilikwambia," alisema kwa sauti ya chini. "Halafu nikanyamaza. Nimeshindwa hata kukuchukia vizuri."

Zilibaki nyumba tatu alizozifungia nyaya za mzigo uleule. Alinunua roli mpya duka kubwa, kwa muuzaji yuleyule asiyejua anachouza. Safari hii alizikwangua kwanza: zilikuwa shaba tupu.

Nyumba mbili zilimpokea. Ya tatu ilikuwa ya mwalimu, aliyesimama mlangoni amekunja mikono.

"Taa zinawaka, friji inafanya kazi. Unataka kunibomolea ukuta kwa nini?"

"Nilikufungia waya mbovu, mwalimu. Sikuukagua. Mwingine kama huo umemuua dada yangu. Sitaki chochote kwako."

"Basi kumbe fundi wa ule moto ndiye wewe," mwalimu alisema, akafunga mlango.

Mama Swichi aliketi kwenye ngazi, begi mapajani. Wapita njia walimtazama, wengine walimjua, wakainama kuteta. Hakuondoka. Jua lilipofika usoni alihamisha begi upande wa pili, akaendelea kukaa.

Alasiri mlango ulifunguliwa kidogo. Alikuwa mke wa mwalimu.

"Yeye bado amekasirika," alisema. "Ingia tu. Anza na chumba cha watoto."

Mama Swichi alivua viatu, akaenda moja kwa moja kuzima swichi kubwa.