Kobe wa Maulida

Mwalimu Zuwena ana kanuni moja asiyoivunja. Mtoto akifinyanga kitu, haambiwi ni nini. Anaulizwa.

Kanuni hiyo aliipata kwa aibu. Siku za mwanzo za chekechea yake hapo Mbwawa, alimsifu mtoto mmoja kwa kufinyanga samaki mzuri, mnene, mwenye midomo mikubwa. Mtoto akaangua kilio. Hakuwa samaki yule, alikuwa mama yake. Mama mwenyewe alipokuja kumchukua, Zuwena akamtazama vizuri, akakiri moyoni kwamba mtoto ni fundi.

Chekechea yenyewe ni baraza la nyumba yake, lenye mkeka mpana na meza fupi. Donge la kufinyangia analikanda mwenyewe: unga wa ngano, mafuta kidogo, maji ya moto, na chumvi ya kumkomesha mlafi yeyote. Rangi zinatoka jikoni. Ya njano ni binzari, nyekundu ni rozela iliyochemshwa, kijani ni mchicha uliotwangwa. Kila sikukuu ina donge lake. Krismasi iliyopita watoto walifinyanga nyota na pango, ila Calist, ambaye hupenda mambo yake, akafinyanga mbuzi aliyefungwa kamba. Akasema mbuzi huyo analia. Zuwena akauliza analia nini.

"Kesho ni Krismasi," Calist akamjibu, akimshangaa mwalimu asiyejua jambo dogo kama hilo.

Majibu ya namna hiyo ndiyo yanayomwamsha Zuwena asubuhi. Umri umekwenda, magoti yanamsumbua, lakini bado anataka kujua kila kichwa kidogo kimeweka nini ndani.

Sasa lilikuwa kumi la mwisho la Ramadhani, na donge lilikuwa la Idi. Watoto wakafinyanga mwezi mwandamo, sinia la pilau, viatu vya visigino, pembea za uwanja wa sikukuu. Maulida, mjukuu wa jirani yake Biubwa, akafinyanga kobe.

"Nani huyu, Maulida?"

"Kobe."

"Kobe gani huyo?"

Maulida akamfunika kobe wake kwa kiganja.

Kwingine kobe ni kobe tu. Huku kwetu, Ramadhani ikiingia, kobe ni mtu anayejidai amefunga, kumbe anakula kwa kujificha, kichwa ndani ya gamba lake. Ndiyo maana moyo wa Zuwena ulipiga paa. Mwaka huu yeye mwenyewe hakufunga.

Daktari alimwambia waziwazi: kwa sukari aliyonayo, akifunga ataanguka. Na dini haikumkataza kula. Zuwena ni binti wa mwalimu wa madrasa wa Maneromango, anajua kwamba mgonjwa ana ruhusa, na fidia yake ya kulisha masikini alikwisha kuitoa. Kilichomtisha ni mtaa. Yeye ndiye anayewasomesha kina mama darsa mwezi huu. Yeye huyohuyo, Ramadhani iliyopita, alimzomea kijana wa bodaboda aliyemkuta anatafuna mkate nyuma ya kibanda, bila hata kumuuliza kama anaumwa. Sasa ataanza vipi kusema? Basi watoto wakiondoka adhuhuri anajifungia jikoni na uji wake, na jioni anakaa futari kwa Biubwa na kusema, "Leo saumu imenibana, shoga yangu." Hilo la mwisho ndilo lililomchoma kuliko uji wote.

Kumbe mjukuu wa Biubwa ameona! Zuwena alikwenda kuukagua mlango wa jikoni, akakuta kitasa kimelegea na mwanga unapenya. Akaziba kwa khanga kuukuu. Kesho yake Maulida akafinyanga kobe tena, mkubwa zaidi, wa kijani.

"Huyu kobe anakaa wapi?" Zuwena aliuliza, kama mtu asiyejali.

"Ndani."

"Ndani ya wapi?"

"Ndani ya nyumba."

"Na anakula nini?"

Maulida akafikiri. "Anakunywa maji."

Maji? Zuwena hakulala kwa raha mchana ule. Mtoto aliyemwona akila uji angesema uji. Alifikiri kulificha donge mpaka Idi ipite, watoto waimbe tu, yaishe. Lakini alijijua. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, na yeye amewafundisha watoto msemo huo mpaka wameuchoka. Udadisi ukashinda woga.

Siku iliyofuata watoto walipanga vitu vyao juu ya sinia moja kubwa, wakaliita uwanja wa sikukuu. Pembea zikawekwa katikati, masinia ya pilau pembeni, watu wa donge wenye kanzu na magauni wakasimamishwa kwa njiti. Maulida alimweka kobe wake nje ya sinia, peke yake, ukingoni mwa mkeka.

Zuwena akachuchumaa karibu naye, magoti yakalia. "Mbona yeye yuko nje?"

"Kobe haendi Idi."

"Nani kasema?"

"Kaka Faraji." Midomo ikaanza kumcheza. "Nilifunga na kina kaka. Kiu ikanishika, nikanywa maji ya ndoo. Kaka akaniona. Kasema mimi kobe, na kobe havai nguo mpya, wala hapandi pembea." Akamgusa yule kobe kwa kidole. "Huyu ni mimi."

Zuwena alipumua kama aliyetuliwa mzigo, kisha akaona haya kwa kupumua vile, maana machozi ya mtoto yalikuwa yanadondoka kwenye mkeka. Wenzake walikwisha kusikia. Hussen, mwenye mdomo kuliko wote, akaanza, "Kobe! Kobe!" na wengine wakaitikia.

"Nyamazeni!" Zuwena alisema. "Mtoto mdogo hana lazima ya kufunga, Maulida. Ukinywa maji si kosa."

Maulida akatikisa kichwa. Maneno hayo alikwisha kuyasikia kwao, na watu wazima husema chochote mtoto anyamaze. "Wakubwa wote wamefunga," alisema. "Kobe ni mimi tu."

Zuwena alitazama vile vinywa vidogo barazani kwake. Hakuna hata kimoja kilichowahi kutunza neno mpaka getini. Akilisema hapa, mtaa mzima utakuwa nalo kabla ya futari. Alikata kipande cha donge, akaviringa gamba, akabandika miguu, halafu kichwa, akakivuta shingo ili kitokeze nje. Akamweka kobe huyo ubavuni mwa yule wa kijani.

"Huyo nani?" Hussen aliuliza.

"Mimi," alisema Zuwena. "Ninaumwa, daktari kanikataza kufunga. Nakula mchana, jikoni, nimejificha."

Maulida alimkazia macho mdomoni. "Unakunywa maji?"

"Maji na uji."

"Uji!" Mtoto hakuamini bahati yake. "Na Idi utakwenda?"

"Nitakwenda. Na gauni jipya nitavaa, na pembea nitapanda, mradi isikatike."

Maulida akacheka, machozi hayajakauka. Akawabeba kobe wote wawili, akawasogezea pilau kando, akawaweka katikati ya sinia.

Biubwa alipofika getini kumchukua, mjukuu alimkimbilia kama mleta habari za mwezi kuandama. "Bibi! Mwalimu naye kobe! Anakunywa uji mchana!"

Biubwa alimziba mdomo kwa kiganja. "Shika adabu yako! Mwalimu huyu anayetusomesha?" Akamgeukia Zuwena, uso umemwiva kwa haya. "Nisamehe, shoga yangu. Sijui uongo huu kajifunza wapi. Nitamchapa tukifika."

Zuwena angeweza kutabasamu tu, na mambo yangeishia pale. Maulida alikuwa anamtazama juu ya vidole vya bibi yake.

"Usimchape, Biubwa," alisema. "Hakusema uongo. Ingia ukae, nikueleze mwenyewe."