Nyimbo Zilizotoka Kisimani

"Kamba ya ngamia tu humalizi kuisuka, diploma ndiyo utaimaliza?"

Hayo aliyasema adeer, ndugu mdogo wa baba yangu, pale Modogashe, mbele ya madereva wa malori waliokuwa wakinywa chai. Walicheka mpaka mmoja akamwaga kikombe. Leo diploma yangu ya uhandisi wa maji imetundikwa ofisini kwangu Garissa, mahali ambapo kila anayeingia lazima aione. Nimefanya kazi Nairobi, nimefanya Doha, nimerudi na gari langu mwenyewe. Visima vilivyowashinda wengine nimevichimba mimi. Sioni sababu ya kuyaficha.

Kwa miaka nilisema pia kwamba hakuna aliyenishika mkono. Hilo lilikuwa uongo.

Nilikuwa na binamu, mtoto wa eeddo, shangazi yangu. Tulinywesha ngamia pamoja. Yeye alishuka kisimani, mimi nikabaki juu kuipokea ndoo, na wimbo ndio ulioongoza mikono yetu. Nyimbo alizitunga mwenyewe, kule chini, mahali ambapo hakuna aliyeuona uso wake. Akipanda juu alinyamaza. Ukimsifu, alijifanya anafungua fundo la kamba.

Mimi aibu sikuwa nayo. Akanifundisha nyimbo zake ili niziimbe kwenye harusi za Garissa, ambako waimbaji hutuzwa vizuri.

"Ziende zikakusomeshe," aliniambia. "Mimi mbele ya watu nitakufa."

Kwetu huanzi wimbo wa mtu kabla ya kumtaja aliyeutunga: jina lake, la baba yake, la babu yake. Hata mtoto analijua sharti hilo. Kwenye harusi ya kwanza nilikuwa nimejiandaa kumtaja, lakini nilipopewa maikrofoni niliona macho yote yananitazama, nikaanza kuimba moja kwa moja. Nilipomaliza, mama mmoja alinibandika noti kwenye paji la uso.

"Mashallah! Kumbe na kutunga unajua!"

Nilicheka tu. Binamu yangu alikuwa mlangoni, karibu na viatu vya wageni. Tulipotoka alisema, "Umesahau kitu."

"Kitu gani?"

"Basi. Si kitu."

Nilijua ni kitu gani. Harusi ya pili sikujaribu hata kukumbuka. Ada yangu ya chuo ilitoka kwenye harusi hizo, pamoja na mikopo ya adeer na ya wenye maduka wawili.

Alifariki nikiwa Doha. Ni kifua, na alikuwa bado hajaoa. Nilituma pesa za msiba, nikarudi kazini.

Kumbe dada yake alikuwa akiiacha simu kwenye ukingo wa kisima, inamrekodi bila yeye kujua. Baada ya mazishi aliwatumia jamaa zile sauti, na jamaa wakatumiana. Niliporudi nyumbani nilizikuta kwenye malori, kwenye maduka ya Dagahaley, mpaka Kutulo, watu wakiulizana huyu ni nani mwenye sauti hii. Unasikia ndoo ikigonga jiwe, kisha yeye.

Ilipojulikana sauti ni ya nani, dalali wa mifugo alinishika mkono sokoni. "Warya, we bwana, kuna marehemu amekuibia nyimbo zako zote! Mungu amsamehe, lakini mwizi ni mwizi."

Yule ambaye hakuweza hata kuomba chumvi kwa jirani! Nikasema, "Si hivyo." Lakini mimi, mwenye sauti, nilisema chinichini, na dalali alikuwa ameshamgeukia fahali.

Wiki hiyo dada yake alikuja ofisini, akasimama chini ya diploma yangu. "Mama anaambiwa alizaa mwizi. Wewe mdomo unao. Unauwekea nini?"



Nilikuwa tayari nimepanga kuwalipa walionikopesha, wote siku moja, Modogashe, hadharani. Nilichinja ngamia. Nilitaka adeer aone, na aliona. Alipokea chake, akasema, "Haya, kamba umeisuka." Watu wakacheka, safari hii upande wangu.

Nikaishika maikrofoni. "Bado mmoja."

Nikamtaja binamu yangu: jina lake, la baba yake, la babu yake. Nikasema nyimbo zote ni zake, na kwamba aliyeiba ni mimi. Hakuna aliyecheka. Dalali alikuwepo, akawa anatazama viatu vyake.

"Na noti ulikuwa unapokea?" adeer akauliza.

"Nilikuwa napokea."

Shangazi alinyanyuka kutoka upande wa wanawake. "Ungemtaja akiwa hai, angekimbia."

"Najua, eeddo."

"Angekimbia. Lakini angekuwa amesikia."

Kisha akaniambia niuimbe ule wimbo wa harusi ya kwanza, nianze na jina.