Mlango Usioitika Hodi

Mlango mmoja ulinichukua siku tisa. Naanza na hili kwa sababu ndilo linalonihukumu. Nilikuwa nimejifunza kutengeneza gemu peke yangu, nyumbani Ukunda, kwa kompyuta kuukuu na video za watu wasionijua. Katika siku hizo tisa nilichopata ni mlango: unausukuma, unafunguka, bawaba inalia kidogo. Siku ya sita ulikuwa umekamilika. Siku tatu zilizobaki nilikuwa narekebisha mlio wa bawaba.

Basi mtu aliponiambia kwamba atatengeneza pwani nzima yenye maelfu ya milango, na kila mlango utafunguka, mimi kuliko yeyote nilikuwa na hesabu ya kumjibu. Sikumjibu. Nilimuuliza anahitaji msaada gani.

Alikuwa ametoka Nairobi kuja Diani kwa likizo, akaamua kubaki, akakodi chumba Ukunda juu ya duka la vifaa vya ujenzi na kujiita mbunifu. Katika gemu yake, kila samaki wa Wasini angekuwa na namna yake ya kukimbia. Miwa ya Ramisi ingeendelea kukua hata ukizima kompyuta. Mikoko ya Bodo ingekukumbuka. Nilimuuliza mikoko humkumbuka mtu vipi.

"Msee, wewe unafikiria kama fundi," akaniambia. "Fikiria kama mchezaji."

Nilijiona mdogo na, niseme ukweli, nilipumua. Mtu anayeogopa kila kosa huvutwa sana na mtu asiyeogopa lolote. Nilidhani utulivu wake ni ujuzi. Kumbe ulikuwa utulivu wa mtu ambaye hajawahi kumaliza kitu, kwa hiyo hajui kumaliza kunavyouma.

Alionyesha picha tu. Zilikuwa picha nzuri, hilo simnyimi. Nikiomba nicheze mwenyewe, palikuwa na sababu: umeme, au kompyuta imejaa, au toleo la leo limeharibika na la kesho ndilo lenyewe. Kwa miezi minne nilingoja hiyo kesho.

Kilichonifunga kwake ni hodi. Aliahidi kwamba ukipiga hodi kwenye mlango wowote, sauti ya ndani itakuitika kulingana na wewe ni nani. Alitaka sauti ya mama wa pwani. Nikaenda Msambweni kwa shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, nikamrekodi jikoni kwake, madirisha yamefungwa na kuku wamefukuzwa uani. Alinipa "karibu" za kila aina. Ya mkwe. Ya mgeni asiyejulikana. Ya jirani aliyefuata chumvi. Ya mtoto aliyevunja kitu na sasa anarudi kimya kimya. "Na hii," akasema, akikaza midomo, "ya mtu usiyetaka aingie, lakini adabu inakulazimisha." Tulicheka mpaka nikalazimika kuirekodi upya.

Kisha akaniuliza, "Na hiyo mashine itajuaje nani ni nani?"

"Itajua, shangazi. Imepangwa."

"Umeona kwa macho yako?"

"Nimeona."

Sikuwa nimeona kitu.

Baada ya hapo likaja bango. Mbunifu aliniandikia maneno ya kuweka: "Gemu mpya ya pwani. Inakuja hivi karibuni." Mstari wa pili ulikuwa mrefu mno, ukaharibu mizani ya bango, nami siwezi kuishi na mizani iliyoharibika. Nikafuta "inakuja". Bado. Nikafuta "hivi". Likabaki neno moja kubwa, limekaa sawasawa katikati: KARIBUNI. Chini yake, kwa herufi ndogo, mahali chumba kilipo. Nililisoma zaidi ya mara mia nikipima nafasi baina ya herufi, na sikulisoma hata mara moja kama anavyolisoma mtu wa kwetu. Nikalibandika kutoka Ukunda hadi Msambweni.

Jumamosi iliyofuata, baada ya alasiri, watu walikuja. Akina mama na watoto waliovalishwa nguo za sikukuu. Wahudumu wawili wa hoteli wakiwa bado na sare zao. Na shangazi, amevaa leso mpya, amebeba bakuli la mahamri, kwa sababu ukikaribishwa huendi mikono mitupu.

"Nani amewaita hawa?" mbunifu akaninong'oneza.

"Bango. Limesema karibuni."

"Si karibuni ni soon?"

Mhudumu mmoja alimsikia. "Kwani kwenu mtu akiambiwa karibuni hubaki nyumbani?" Chumba kizima kikacheka.

Ikabidi ahutubie. Alisema wanachokiona leo si gemu, ni ndoto ya gemu. Mama mmoja akasema ndoto angeiota kwake bila ya kulipa nauli. Shangazi hakucheka. Alikaa mbele ya kioo cha kompyuta na kuomba aonyeshwe mlango wake.

Mbunifu akafungua mtaa mmoja wa gemu na kumtembeza mtu wa kuchezea hadi kwenye mlango wa kijani. Mtu akaugonga kwa kifua na kuendelea kutembea palepale, miguu ikienda na mwili hauondoki, kama mbuzi aliyefungwa kamba.

"Hodi," shangazi akakiambia kioo.

Kimya. Mbunifu alibonyeza hiki na kile.

"Hodi."

"Mama, imebaki kidogo tu. Wiki mbili."

"Hodi," akasema mara ya tatu, kwa upole uleule. Akangoja. Kisha akasimama na kutengeneza leso yake. "Hodi ni tatu. Usipoitikiwa unaondoka, hulazimishi." Bakuli akaniachia mimi. "Wape watoto."

Mlangoni akageuka. "Uliniambia umeona."

Watu walipokwisha kuondoka, mbunifu alikuwa anatafuna hamri la shangazi yangu, la tatu kwa hesabu yangu. "Umecheki hiyo umati?" akasema huku makombo yakimdondoka. "Watu wana njaa ya hii kitu!" Hakuona kwamba amefukuza wageni. Aliona soko. Nilikaa kwenye kompyuta yake nikafuta kila "karibu" ya shangazi mbele ya macho yake.

"Utajuta ikitoka," akasema.

Haijatoka. Nasikia sasa anatengeneza gemu ya anga, na kwenye kila nyota utaweza kutua. Anayetaka kujua kama amwamini, amwombe nyota moja. Lakini sina haki ya kumcheka peke yake. Yeye alidanganya kwa mambo ambayo bado hayajawa, na labda alijidanganya kwanza yeye. Mimi nilisema nimeona.

Kesho yake nilikwenda Msambweni kurudisha bakuli. Mlango wa shangazi ulikuwa wazi nusu, pazia limeshushwa. Nikapiga hodi. Nilisikia mwiko ukikwangua sufuria. Nikapiga ya pili, mwiko ukanyamaza. Nikapiga ya tatu na kuanza kurudi nyuma.

"Karibu," akasema.

Niliijua ni ipi. Nilikuwa nimeirekodi mara mbili.

Nikavua viatu, nikaingia.